Vitabu vya Kusomwa Mchana

'Malineo alikuwa ameketi juu ya kiti cha mtoto, magoti yamemkaribia kidevu, akichambua vitabu vya picha juu ya meza ya kulia uji. Watoto walikuwa bado wamelala mikekani, kila mmoja amefungwa blanketi lake kwa pini kubwa, vilevile kama mama yake alivyomwacha kabla ya mapambazuko. King'ora kilikuwa kimekwisha kulia. Mlango wa ukumbi wa cherehani ulikuwa umetiwa kufuli, kama unavyotiwa kila siku ya kazi, usifunguliwe mpaka giza liingie.

Chekechea yenyewe ilikuwa kontena la chuma ndani ya ua wa kiwanda cha jinzi, mjini Maputsoe. Zamani lilileta vitambaa. Lilisukumwa mpaka milango yake mikubwa ikagota ukuta wa ghala, ikachomelewa hukohuko. Ubavuni fundi alikata mlango mmoja mwembamba na dirisha moja la nondo. Mkaguzi wa usalama alipopita aliusifu sana mlango ule. Watoto wawili hawawezi kuupita kwa pamoja, alisema, kwa hiyo hawawezi kukanyagana.

Wanunuzi wa ng'ambo ndio waliotaka pawe na chekechea, na ndio waliotaka watoto wasomewe vitabu kwa sauti kila siku. Saa ya kusoma iliwekwa kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu huo ndio wakati wageni hupitishwa kuonyeshwa kiwanda. Kuchagua vitabu ilikuwa kazi ya 'Malineo.

"Hiki je?" aliuliza 'Matlotliso, mpishi, akiinua kitabu kwa mkono mmoja huku wa pili ukikoroga uji mchachu wa mtama.

'Malineo alikifunua. Dubu, kitanda, mwezi dirishani. "Hiki hakina neno."

"Na hiki?"

"Sungura mwenye koti." Akasoma kurasa mbili kimoyomoyo, kisha akajikuna juu ya paji la uso. "Hiki kinawasha."

"Kinawasha kiasi gani?"

"Kama chawa mmoja."

"Chawa mmoja si ugonjwa, mwanangu. Kiweke katikati."

Katika nchi ile kila mtu anajua kwamba anayesimulia hadithi mchana huota pembe. Hakuna anayelibishia jambo hilo, kama hakuna anayebisha kwamba jalidi huua maua ya mipichi. Hadithi ni za usiku, penye moto, kazi zikiwa zimelala. Kijijini kwa akina 'Malineo alikuwapo mama mmoja aliyewasimulia wenzake hadithi moja fupi wakati wa kupalilia. Aliishi na vipembe vyake mpaka uzeeni, akivifunika kwa kitambaa, na kanisani alikaa mstari wa mbele kama kawaida yake. Shida ya watoto wa kontena ilikuwa kwamba hawakuwa na jioni. Waliletwa wamelala, wakachukuliwa wamelala. Saa walizokuwa macho zote zilikuwa za jua. Kwa hiyo kuchagua kitabu cha kuwasomea hakukuwa kutazama picha tu. 'Malineo alipanga marundo matatu: kushoto visivyo na neno, katikati vinavyowasha, na kulia, pa vinavyootesha pembe, alipaacha patupu, akiomba pabaki hivyo.

Wiki za mwanzo alisoma vya kushoto tu. Watoto walivisikiliza kama watu walio kwenye foleni ya zahanati. Siku ya kitabu cha dubu alisoma kwa madaha, akibadilisha sauti: "Mama dubu akamletea mwanawe maji, akakaa naye kitandani mpaka usingizi ukamchukua."

Keneuoe, mtoto wa miaka minne aliyekuwa mbele, aliinua mkono. "Mama yake hakwenda kazini?"

"Yuko likizo."

"Likizo ni nini?"

'Malineo alipekua kitabu atafute picha ya likizo, hakuipata. "Ni siku ambazo mtu anakaa na watu wake, na mshahara unakuja vilevile."

Watoto walicheka mpaka wengine wakalala chali. Ilikuwa mara ya kwanza kitabu kuwachekesha. Katika kitabu kingine mlikuwa na mwanamume ameketi kando ya kitanda cha mtoto, taa inawaka. Mosa, aliyekuwa mzito wa kusema, aliweka kidole juu ya yule mtu.

"Huyu mlinzi?"

"Ni baba."

"Analinda nini?"

"Analinda mtoto alale."

Mosa alifikiri. "Basi ni mlinzi," akasema, akarudi mkekani.

Mwezi wa pili likaja sanduku kutoka Maseru. Mlikuwa na vitabu vya lugha ya nyumbani, hadithi za kale zenyewe, picha zimechorwa kwa rangi nzito, na ukurasa wa kwanza wa kila kimoja umeandikwa maneno ya kufungulia hadithi. 'Matlotliso alipoona hivyo aliificha mikono yake nyuma, kama mtu aliyeonyeshwa sufuria ya moto.

"Haya ni ya usiku haya."

Aliyeleta sanduku alikuwa Bwana Molise, Ntate Molise kama walivyomwita, afisa wa wafanyakazi, mtu mwepesi wa kucheka. "Mama zangu, kusoma si kusimulia," alisema. "Aliyesimulia ni mchapaji. Kama kuna pembe, ni zake."

"Ntate, umemwona huyo mchapaji?" aliuliza 'Matlotliso.

"Sijamwona."

"Basi usimsemee kichwa chake."

Ntate Molise alicheka, akaenda zake. Aliacha agizo kwamba vitabu vya nyumbani ndivyo visomwe, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wamevitolea fedha na wangependa kuona picha za watoto wakivisikiliza.

Ujanja ulitoka kwa 'Matlotliso. Hadithi, alisema, ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mtu asiposema maneno ya kuifungulia, wala ya kuifungia, hiyo haijawa hadithi. Ni mazungumzo tu, na mazungumzo hayana saa. 'Malineo alijaribu. Alichagua kitabu chembamba, cha ng'ombe aliyekataa kuvuka mto mpaka aitwe kwa jina lake, akaruka ukurasa wa kwanza, akaanza katikati kama mtu anayetoa habari za jirani. Kichwa kilimwasha, basi. Lakini watoto walitoka mikekani wenyewe, wakamzunguka goti kwa goti, na Mosa akapanda juu ya mguu wake asijijue. Mwishoni 'Malineo alikifunika kitabu bila neno.

"Haya, kaleni."

Hakuna aliyeinuka.

"Imekwisha," alisema.

"Haijafungwa," alisema Mosa, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfundisha hadithi inavyofungwa.

Hadithi isiyofungwa hailali, wala haimwachi aliyeisikia alale. Usiku ule mama walibeba watoto walio macho, na macho yale yakabaki hivyo wiki nzima, yakiuliza kutoka ndani ya mablanketi kama ng'ombe alivuka au hakuvuka. Mama hawakuwa na saa nyingine za kulala ila zile. Kabla wiki haijakwisha, mama yake Keneuoe alisinzia mbele ya cherehani, akakishonea kidole chake ndani ya mfuko wa suruali. Alikuja kumchukua mtoto na kitambaa cha damu mkononi.

"'Mè 'Malineo, mama yangu, nakuomba. Ng'ombe yule avuke, afe, vyovyote vile, lakini amalize."

"Nikimmaliza, najimaliza mimi."

"Najua," alisema mama yake Keneuoe. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekubali kwamba kuna baridi.

Kesho yake 'Malineo alifungua kitabu ukurasa wa kwanza na kusema maneno kwa sauti, "Wasemao husema ilikuwa," na watoto wote, bila kuambiwa, wakaitikia "Qoi!" kama hadithi inavyoitikiwa tangu zamani, kontena likalia kama kengele. Ng'ombe aliitwa kwa jina lake, akavuka. 'Malineo akaifunga hadithi. Watoto walikula, wakalala, na mchana ule hakuna aliyelia. Alipopeleka mkono kichwani alikuta vitu viwili vigumu, kila kimoja kadiri ya punje ya haragwe.

'Matlotliso alimletea mafuta ya kujipaka. "Paka hapa na hapa, ngozi isipasuke. Na kilemba ukifunge kilegevu."

Tangu siku hiyo alichagua vitabu kama mtu anunuavyo chumvi, kwa kupima. Kitabu chembamba kiliotesha upana wa ukucha. Kinene kiliotesha upana wa kiganja. Alipenda zaidi vitabu vyenye picha kubwa na maneno machache, maana picha haioteshi kitu. Zimwi lililotandazwa kurasa mbili nzima lilikuwa kama mapumziko. Hapo alikaa kitambo, akiwaacha watoto wataje meno yake, makucha yake, nywele zake. Walitaja tu. Hakuwaruhusu wasimulie, kwa sababu vichwa vyao vilikuwa bado laini.

Ndugu yake 'Matlotliso, mkata pembe za ndama, alikuja na msumeno wake akazipunguza. Zilitoka damu nyingi, na kitabu kilichofuata kilizirudisha zilivyokuwa pamoja na nyongeza. Yule ndugu aliufuta msumeno, akakataa kujaribu tena. "Ndama hukatwa kabla hajalijua jina lake," alisema. "Wewe umechelewa, dada."

Kutoka nje ya kontena bado alitoka. Aliinamisha kichwa, akatanguliza pembe moja, akaivuta ya pili, kama watu wanavyopitisha benchi mlangoni. Kwenye gari la abiria dereva alimkalisha mbele na kumshushia kioo. Watu walimsalimu. Wengine walimwuliza kitabu gani, naye akawaambia.

Alichokuwa akikilinda ni kule kutoka. 'Malineo alikuwa na binti wa miaka saba, Lineo, aliyelelewa na bibi yake kijijini, juu ya milima ya Thaba-Tseka. Mwaka ule alikuwa ameahidiwa siku za Pasaka. Katika lile sanduku la Maseru alikuwa ameona kitabu kinene kuliko vyote, hadithi ya mke wa Mvua ya Mawe, akakifunga kwa nailoni na kukiweka juu ya kabati. Hicho hakikuwa cha chekechea. Angekisoma nyumbani, penye moto, baada ya jua kuzama, mahali ambapo hadithi haidai kitu.

"Utanisomea usiku, mama?" Lineo aliuliza katika simu.

"Usiku."

"Chote?"

"Mpaka moto uzime, tuuwashe tena."

Basi kila asubuhi alipopanga vitabu aliutazama mlango kwanza, akakipima kitabu kwa jicho, ndipo akachagua. Kikiwa chembamba, Pasaka ilibaki mahali pake. Watoto walipolilia kinene, aliwaambia kinene kimelala.

Wiki chache kabla ya Pasaka kiwanda kilipata oda kubwa. Saa za kazi zikaongezwa mbele na nyuma, Jumamosi ikaingizwa. Watoto wakawa wanaamka na kulala kontenani hata Jumamosi, na Keneuoe akamwita 'Matlotliso mama mara mbili katika siku moja.

Mvua ya mawe ilikuja katikati ya oda hiyo, saa sita mchana. Wingu lilishuka juu ya Maputsoe jeusi kama sufuria, umeme ukakatika, kisha mawe yakaanza. Nyumba ya mawe hustahimili mvua ya mawe, na nyumba ya nyasi huimeza. Kontena huipigia ngoma. Watoto hawakusikia hata vilio vyao wenyewe. Walikuwa chini ya meza, vinywa wazi. 'Malineo alitupa blanketi kichwani, akapita mlangoni pembe moja kwanza, akakimbia mpaka ukumbini. Kufuli lilikuwa mahali pake. Upande wa ndani mama walikuwa wakipiga mlango kwa viganja, kila mmoja akiita jina la mtoto wake.

"Fungua!" alisikia. "Mwambie Molise afungue!"

Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda mjini kula.

Alirudi. Alishika kitabu cha juu, cha kushoto, akasoma kwa nguvu zake zote kuhusu dubu, na dubu akamezwa na kishindo kabla hajafika kitandani. Alijaribu ng'ombe. Watoto walikuwa wamekwisha kumjua ng'ombe, na ng'ombe hakuyajua mawe. Mosa alikuwa akijigonga kichwa kwenye mguu wa meza, polepole. Palikuwa na kitabu kimoja tu kilichomjua huyu aliyekuwa juu ya bati.

'Malineo alikishusha, akakifungua nailoni, kisha akasita, akamtazama 'Matlotliso kwa mwanga wa jiko.

"Huko nje pakoje?"

'Matlotliso alisogea dirishani. Hakuuona ukuta wa ghala, wala nondo, wala mkono wake. "Giza," alisema. "Giza la kutosha."

"Ni usiku?"

'Matlotliso alikuwa mtu wa haki, akaupima ule weusi kwa makini. "Mimi nikiwa kwetu ningekwisha kulala."

"Na moto tunao."

"Na moto tunao. Soma, mwanangu."

Akasema maneno ya kufungulia. Watoto wakaitikia "Qoi!" kutoka chini ya meza, kwanza wawili, kisha wote. Akasoma jinsi Mvua ya Mawe alivyooa msichana wa watu, jinsi alivyotoka kila mchana kwenda kuvunja mabua ya mahindi ya wakwe zake, na jinsi mke alivyochoka akamfichia viatu. Basi Mvua ya Mawe akatoka bila viatu, na kwa kuwa ardhi ilimchoma nyayo, akawa hakai tena mahali pamoja, hupiga na kukimbia. Watoto walisogea kutoka chini ya meza. Ilipofika kwenye viatu Mosa aliinua macho darini na kusema, "Anakimbia," na kweli kishindo kilikuwa kinahama. 'Malineo alisoma mpaka mwisho, hakuruka mstari. Kichwa hakikumwasha hata kidogo, akaichukua hiyo kuwa ni dalili njema. Akaifunga hadithi.

Jua likatoka palepale. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu.

Pembe hazitazami mawingu. Hutazama saa. Zilitoka zote kwa mara moja, kwa utulivu, kama watu waliokuwa wamengoja mlangoni wafunguliwe. Zikaenda kulia na kushoto kiasi cha urefu wa mkono, kisha zikapinda kwenda juu, laini, za rangi ya asali, nzuri kuliko za ng'ombe yeyote aliyewahi kuonekana wilayani. Watoto walizitazama zikitoka. Keneuoe akatundika kofia yake kwenye ile ya kushoto, ipate kukauka.

"Lilikuwa wingu tu," alisema 'Matlotliso.

"Lilikuwa wingu," alisema 'Malineo.

Jioni ukumbi ulipofunguliwa mama walikuja mbio, wakawakuta watoto wamelala. Walimshukuru. Kisha wakakaa nje gizani, watoto mgongoni, kumsaidia kutoka. Alijaribu kwa kuinama, kwa ubavu, kwa kinyumenyume, kwa kupiga magoti. Mama yake Keneuoe alimwongoza kama anavyoongozwa dereva wa lori.

"Kushoto. Rudi, rudi. Kushoto kidogo. Hapo! Hapana, imegonga."

"Na nikilala?"

"Lala. Ingiza ya chini. Aa, ya juu inakataa."

Walijaribu mpaka wa mbali wakaanza kuaga, kwa kuwa alfajiri haikuwa mbali nao. Mama yake Mosa alimpitishia blanketi dirishani. 'Malineo alilala ameketi, mgongo ukutani, kama alivyolala tangu siku hiyo.

Ntate Molise alikuja asubuhi na utepe wa mafundi cherehani, akaupima mlango, akazipima pembe, akaurudia mlango. Alisikitika kwa dhati.

"Mlango huu umepitishwa na mkaguzi, 'Mè. Tukiupanua leo, chekechea inafungwa mpaka aje tena, na hawezi kuja kabla ya oda kuisha. Chekechea ikifungwa, watoto watakwenda wapi?"

"Na Pasaka, Ntate? Nina mtoto."

"Najua una mtoto. Vumilia. Oda haidumu milele."

Alifika nje, akasimama, akarudi na uso uliochangamka, kama mtu aliyeokota kitu. "Lakini kwa vile upo," alisema.

Wiki hiyohiyo ilitangazwa ukumbini kwamba, kwa kuwa chekechea sasa ina mlezi asiyeondoka, kiwanda kimeweza kuanzisha zamu ya pili, kuanzia saa nane mchana mpaka usiku wa manane, na mama wenye watoto wasiwe tena na sababu ya kuikataa. Menejimenti ilimshukuru 'Mè 'Malineo kwa moyo wake. Mama walipiga makofi, kwa sababu msimamizi alikuwa amekwisha kuanza kupiga. Oda ilipoisha ikaja nyingine, na zamu ikabaki. Mkaguzi aliandikiwa.

Sasa 'Malineo alikuwa na usiku wote. Angeweza kusimulia mpaka koo likauke, na pembe zisiongezeke hata unywele. Lakini usiku watoto walikuwa wamelala, na taa ya kontena ilizimwa kutoka ofisini. Akaendelea kusoma mchana.

"Unaweza kuacha," 'Matlotliso alimwambia, akimlisha uji kwa kijiko kirefu, maana bakuli halikumfikia tena vizuri mdomoni. "Soma yale magari na madubu. Nani atakulaumu?"

"Nikisoma hayo hawalali. Wasipolala, mama zao hawalali."

"Na wewe?"

"Mimi nimekaa."

Lineo aliletwa Jumamosi ya Pasaka. Bibi yake alizuiwa langoni, kwa kuwa kibali kilikuwa cha mtu mmoja. Akabaki upande wa pili wa uzio, amejifunga blanketi lake la ibada. Mtoto aliingia peke yake kwa ule mlango mwembamba, wala hakuinama. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Alimsalimu mama yake kwa adabu, kama alivyofundishwa, kisha akazitazama pembe toka ncha mpaka ncha.

"Zinauma?"

"Haziumi. Zinalemea."

"Unalalaje?"

"Nimeketi. Njoo hapa, mama yangu. Bibi amesema gari linaondoka saa ngapi?"

"Saa nane."

Ncha ya kulia ilikuwa imebakiza kiganja kimoja kuufikia ukuta, na ya kushoto ilikuwa imekwisha kuufikia. 'Malineo alikuwa ameyafikiri hayo tangu Alhamisi, akapiga moyo konde. Hapakuwa tena na mlango wa kuulinda. Kitabu kinene kilikuwa tayari mezani.

"Chagua kitabu," alimwambia binti yake. "Chochote. Hata kinene. Chagua nikusomee."

Lineo aliyaendea marundo. Hakufanya haraka. Alichukua kimoja, akakipima mkononi, akakirudisha. Aliinama akamnong'oneza Keneuoe swali, naye Keneuoe, mwenyeji wa pale, akamnong'oneza jibu refu, akionyesha kwa kidole kushoto, katikati, kulia. Lineo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi na kitabu cha kurasa ngumu, cha watoto wasioweza hata kukaa, chenye magari ya rangi mbalimbali.

"Hiki?" aliuliza 'Malineo.

"Hiki."

"Lineo, kile kinene ni chako. Nilikuwekea wewe."

"Kile ni cha usiku," alisema Lineo. Aliketi chini, akakunja miguu, akaweka mikono mapajani. "Soma hiki, mama."

'Malineo alisoma. Gari jekundu. Gari la bluu. Gari la kijani limebeba kabichi. Alilisoma kila gari polepole, akibadilisha sauti, na alipofika mwisho akaanza tena mwanzo, na Lineo hakuondoa macho usoni kwake hata kutazama picha. Pembe hazikuongezeka.

"Ni kizuri," alisema Lineo.

Bibi aliita kutoka kwenye uzio. Lineo alisimama, akamkumbatia mama yake kiunoni, kwa kuwa juu hapakuwa na nafasi, akatoka. Dirishani alionekana kidogo, kisha pakaonekana ukuta wa ghala.

King'ora cha saa nane kikalia. Mama wa zamu ya pili walikuwa tayari wamepanga mstari nje, wakipitisha watoto mlangoni mmoja mmoja, mkono kwa mkono, macho yao yakiwa kwenye saa ya ukumbi. Wengine hawakuwa wamelala, wakaanza kulia. 'Matlotliso aliwatandikia mikeka mpaka sakafu ikaisha. 'Malineo akajisogeza kadiri pembe zilivyomruhusu, ili wapate pa kukaa, kisha akanyoosha mkono kwenye rundo la kulia na kuuliza nani ana usingizi, nani hana.